Marumaru za Kaburi

Treni ilipoiacha Mpanda, Lucia, mwalimu wa hesabu, alikuwa amejiapiza kwamba likizo hii hatamsahihisha mtu. Mbele yake mama mmoja mwenye rozari shingoni, Theopista, akamweleza jirani yake kuwa anakwenda Tabora kununua marumaru za kaburi la mumewe.

"Fundi kapima futi sita kwa tatu, yaani futi kumi na nane za mraba. Mita moja ni futi tatu. Kwa hiyo nanunua mita sita za mraba."

"Hapana, mayu," alisema jirani, mfugaji wa Kisukuma aliyejitambulisha kama mzee Mwandu. Akamwomba Theopista kitenge chake. "Tuseme hiki ni mita kwa mita." Akakikunja sehemu tatu kwa urefu, sehemu tatu kwa upana, kisha akakikunjua. "Hesabu vyumba vya mikunjo; kila kimoja ni futi kwa futi."

Theopista akahesabu kwa kidole: tisa.

"Basi kumi na nane ni vitenge viwili. Zako ni mita mbili, na hata hazijai."

Somo hilo Lucia hulifundisha wiki mbili, na bado nusu ya darasa hutoka kapa.

"Mbili?" Theopista alisema. "Kitanda chetu ni futi tano kwa sita, na bado miguu ya marehemu ilitokeza nje. Mita mbili, mtu mzima yule?"

"Ndiyo hesabu, mayu."

"Hesabu yako ni ya zizi. Nanunua sita."

Mwandu akamtazama Lucia, kama anayeomba shahidi. Lucia akatazama dirishani.

Treni ikasimama Kaliua. Theopista alikuwa anakikunja kitenge kwa mikunjo ileile, mpaka kikabaki futi kwa futi, akakipakata.