Kichupa cha Matone

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi saa, yule tuliyemwita Matone. Ametutoka wiki iliyopita. Fundi saa, Matone wetu, hayupo tena.

Nisiwafiche. Nilimwonea kijicho miaka tisa.

Mnayajua mashindano yetu ya magari madogo ya rimoti, pale nyuma ya gereji. Kila Jumapili yeye wa kwanza, mimi wa pili. Gari langu likiruka tuta linadunda kama mpira. Lake linatua kama paka. Siri ilikuwa kwenye shokapu. Ndani yake hujazwa mafuta ya silikoni, mazito au mepesi, na Matone alichanganya mwenyewe, tone kwa tone, kwenye meza yake ya saa. Sanduku lake la vifaa aliliandika: "Nuna upasuke." Nilijua nani anaambiwa.

Nami nikajifanya mjuzi. Nikachanganya mazito na mepesi nusu kwa nusu, nikitegemea nipate ya katikati. Gari likapiga pua tuta la kwanza. Matone alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwenzangu, ukichanganya, mepesi huyashinda mazito. Zidisha mazito kidogo." Kidogo kiasi gani? Akafunga sanduku lake.

Basi siku moja, na hili nakiri hewani, alipokwenda kunawa nikamwibia mafuta yake. Nikajaza kwangu. Nikashika mkia! Gari langu zito kuliko lake, hayakulifaa.

Msibani, mkewe aliniita pembeni. Akanipa kichupa chenye kibandiko: "Mtangazaji."

"Shemeji, hiki ni cha gari lako. Alilipima kwenye mizani ulipokwenda kununua maji. Mwaka mzima anakwenda nacho uwanjani, anarudi nacho. Akasema, mji mzima unamsikiliza yule. Akinishinda na huku, mimi nitabaki na nini?"

Kumbe na yeye!

Jumapili tulishindana kwa heshima yake. Nikajaza mafuta ya kichupa kile. Gari likatua kama paka. Nikawa wa kwanza, wasikilizaji, wa kwanza baada ya miaka tisa. Nikageuka nimringie. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Kwako shemeji, kwa watoto, kwa mafundi saa wote, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, yupo mtu unayemwonea kijicho. Mtafute leo, mcheke pamoja, mnuniane mkiwa hai. Huenda kichupa chako kimo mfukoni mwake.