Bi Marsiana na Jina Lililoitikiwa

Tarehe 31 Agosti 1946 Bi Marsiana Leonidas anastaafu, baada ya kuwahudumia watu wa malale, ugonjwa wa usingizi, wilayani Biharamulo kwa miaka ishirini na mitatu. Alitoka Kirushya akiwa msichana anayejua kusoma na kuandika, akakabidhiwa rejista ya majina, na hakuiachia hadi mwaka huu.

Wengi humjua zaidi kwa hadithi zake, anazoandika kwenye madaftari ya shule, nasi huazimana mpaka kurasa zinachakaa. Kitabu chake cha kwanza hukicheka mwenyewe. Husema humo wabaya wote wanakufa na wema wote wanapata ng'ombe, kwa kuwa alikuwa bado anamwogopa padri. Cha pili anakipenda, nacho hajakimaliza. Ni habari za Nahimana binti Pancras, msichana wa kubuni, aliyerudi kwenye kijiji kilichohamwa kwa sababu ya malale kuchukua jembe lililosahauliwa. Katika sura ya mwisho ilikuwa afe.

Siku moja ya ukaguzi mwaka 1938, watu wamejipanga tuwapapase shingo kutafuta uvimbe, Bi Marsiana alichanganya rejista na daftari la hadithi, akaita jina la Nahimana. Mwisho wa mstari mtu akaitika. Hakujitokeza yeyote. Nilihesabu mwenyewe: wote mia na kumi na wawili walikwisha kuitwa kwa majina yao. Tangu hapo alimwita kila mwezi, akaitikiwa kila mwezi, na sura ile akaiacha. Alisema hawezi kumuua mtu anayewahi ukaguzi kuliko Halfani. Halfani ndiye mimi, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na ni kweli huchelewa.

Mwezi Juni mwaka huu nilikabidhiwa rejista. Aliniomba nisiliruke jina lile, nikakubali huku nacheka. Siku ilipofika nikaona haya mbele ya daktari mgeni, nikaliruka. Saa nne asubuhi, jua linawaka, nafunga daftari, nikasikia nyuma ya mtu wa mwisho: "Mbona mimi hujaniita?"

Niliogopa, sifichi. Nikamwita, akaitika, nikamtilia alama.

Bi Marsiana, shikamoo. Zahanati nzima inakushukuru kwa subira yako na kwa kutuchekesha. Kapumzike Kirushya, ule ndizi na maharage ya shamba lako, Mungu akuzidishie siku. Tunasikia sasa una nafasi ya kuandika. Jumatatu hii nimemwita Nahimana, akaitika kwa sauti ndogo sana, ya mgonjwa. Ikiwa umeshaianza sura ile ya mwisho, dada yetu, tunakusihi uiache.

Halfani Yahaya