Gunia la Mchele Linatua

Benchi la Bu Yatmi, mama muuza kahawa, limeegemea uzio wa uwanja wa ndege za kivita wa Maospati, chini ya Mlima Lawu, na miguu yake ya mbele imezama ardhini kwa uzito wa miaka na makalio. Kahawa hapa hunywewa kwa glasi, machicha yakiwa chini. Mwenye haraka huyameza, mwenye subira hungoja yatulie. Enzi za Chui Milia, ile ndege ya injini mbili yenye pua nyembamba kama sindano, wanabenchi walikuwa na desturi yao. Ndege ikikaribia, kila mtu aliweka glasi yake juu ya ubao na kuondoa mkono. Magurudumu yakigusa lami ng'ambo ya uzio, kahawa ilichora duara. Duara likiwa dogo walisema, "Katua juu ya godoro." Kahawa ikimwagika walisema, "Kaangusha gunia." Chui Milia walistaafishwa zamani, ndege za siku hizi hutua upande wa mbali, na kahawa hukaa kwenye glasi bila habari yoyote.

Asubuhi hiyo Pak Prasojo, rubani mstaafu wa Chui Milia ambaye benchi zima humwita Kapteni, aliangusha ndege mara ya nne kabla kahawa yake haijapoa. Alikuwa amekaa katikati, laptopu ya Londo mbele yake juu ya meza ya kukunja, fimbo ya kuongozea ndege imesimama katikati ya magoti yake, begi lake la safari miguuni. Kwenye kioo, Chui Milia iligusa lami, ikadunda, ikainamisha bawa, ikawaka moto.

— Mpanda ngazi hushuka, alisema Gembul, muuza wali wa pecel, yaani wali wa mboga na mchuzi wa karanga, mtu mnene ambaye methali humtoka kama jasho.

— Huyu hakushuka, Gembul. Kaanguka.

Aliyesema ni Londo, fundi redio mstaafu, mwenye nywele nyekundu tangu utotoni, ndipo akaitwa Londo, yaani Mzungu. Ndiye aliyeuweka mchezo ule wa kurusha ndege kwenye laptopu na kuutafutia uwanja wao wenyewe, hata Mlima Lawu ukaonekana upande wa kushoto kama unavyoonekana ukikaa benchini.

— Weka sehemu ya rahisi, alishauri Gembul. Nimeiona, ipo. Ukiweka rahisi, hata mimi natua na sufuria kichwani.

— Hapana, alisema Kapteni. Nikitua kwa rahisi sijatua.

— Na gari la binti yako linafika saa ngapi?

— Kabla ya adhuhuri.

Hapo kila mmoja aliangalia glasi yake. Ratri, binti wa Kapteni, alikuwa amemtengea baba yake chumba katika mji wa mbali wa Bekasi, chumba kizuri chenye dirisha la bustani, na Kapteni hakuwa na neno baya la kusema juu ya chumba hicho. Mtoto anayemtaka mzee wake karibu halaumiwi. Ila kwa mwezi mzima amekuwa akija hapa kila asubuhi kujaribu kutua, na kila asubuhi amekuwa akiungua.

— Hata huko Bekasi utanunua laptopu yako, alisema Londo kwa upole.

— Nitanunua. Lakini huko nitakuwa natua peke yangu.

Gembul aliinama, akafumba jicho moja, akapima benchi.

— Nimelijua tatizo. Benchi limelala kushoto. Ndege inadhani iko kwenye mteremko. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Nimesema tunyooshe benchi.

Wakatia kipande cha kigae chini ya mguu. Kapteni akarudi angani, akazunguka, akashusha magurudumu, akaja. Ndege ikaanguka kabla ya kufika kwenye lami.

— Sasa imelala kulia, alisema Gembul.

— Si benchi, alisema Londo. Ni hewa. Mchezo huu umetengenezwa nchi za baridi, na hewa waliyotia humo ni ya kwao. Kapteni amezoea hewa yetu, nzito, ina moshi wa mabua na mafuta ya kukaangia.

— Hewa ya joto ni nyepesi, Londo, alisema Kapteni.

— Ndiyo maana basi. Umezoea nyepesi, unapewa nzito.

— Ingekuwa nzito ingenibeba zaidi.

Londo akakuna nywele zake nyekundu. Gembul akaona nafasi imepatikana.

— Mnahangaika bure. Lawu wa kweli una wenyewe. Enzi zile kabla ya kuruka, kikosi kizima kilikaa chini kikala wali wa shukrani, mlima ukaridhika. Je, huyo Lawu wa kwenye laptopu nani kamsalimia? Hodi hatujapiga.

Akachukua ndizi moja ya kukaanga kutoka kwenye sinia, akaiweka mbele ya kioo kwa heshima.

— Mzimu wa kompyuta hauna meno, alisema Bu Yatmi, mwenye kibanda, bila kugeuka kutoka kwenye jiko lake. Mpe Kapteni ale. Tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.

Kapteni aliila ndizi ya mzimu, akaruka tena, akaungua tena.

— Basi imebaki moja, alisema Gembul, na sasa sauti yake ilishuka. Chuma kina kinyongo. Hiyo ndege inajua ilistaafishwa. Inajua na wewe ulistaafishwa. Wastaafu wawili hawabebani. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

 Kapteni alifuta mikono kwenye suruali, akatazama ng'ambo ya uzio, kwenye lami ndefu iliyoanza kumeremeta kwa jua.

— Nawaambia kinachonishinda, alisema. Ndege ile ikipunguza mwendo ilikuwa inatetemeka. Kidogo tu, hapa chini, kwenye makalio. Mwendo ukizidi kupungua, mtetemo unakuwa mkubwa. Sikuwa natazama kipimo hata kimoja, Londo. Nilikuwa nasubiri makalio yaniambie. Sasa nakaa hapa, nasubiri, makalio hayasemi kitu, na nikishtuka lami imefika.

Mwisho wa benchi alikaa Pak Gimin, jina lake la benchini Ngazi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutundika ngazi ubavuni mwa ndege, kumfunga rubani mikanda na kumfungua akirudi. Huwa anasema maneno machache, na mengi ya hayo ni kuomba sukari.

— Kapteni, alisema, unaitafuta safari ipi hasa? Ulitua mara elfu.

Kapteni alisukuma glasi yake pembeni.

— Ile ya mwisho. Siikumbuki, Min. Niliruka siku hiyo kama siku nyingine. Nilikuwa nawaza paa la jikoni linavuja. Nikatua, nikaenda nyumbani nikapanda juu ya paa. Siku ya pili nikaenda kupimwa, daktari akasema sikio la ndani limeharibika, hutaruka tena. Ningejua ni ya mwisho ningeiangalia. Nimebaki na safari ya mtu anayewaza vigae.

Akamgeukia Ngazi.

— Wewe ulikuwepo. Nilitua vipi?

— Mimi nilikuwa kwenye maegesho. Nilikuwa nawaona mkishafika. Mlivyotua, hakuna aliyeona ila hawa hapa.

Wote wakamtazama Gembul. Gembul akamtazama Londo. Walikuwepo, hilo halikuwa na shaka. Ni siku gani hawakuwepo? Kapteni hakujua, mpaka alipostaafu na kuja kukaa hapa, kwamba miaka yote ile benchi lilikuwa likimhukumu, wala kwamba jina lake upande huu wa uzio lilikuwa Gunia la Mchele.

— Siku ile... alianza Londo, akaishia hapo.

— Semeni kweli tu, alisema Kapteni.

— Hatukumbuki, alisema Gembul. Na safari hii hakutia methali.

Bu Yatmi alikuja na birika, akamimina kilichobaki, kila glasi kidogo kidogo.

— Mimi ndiye niliyekuwa nafuta benchi hili kila ulipotua, Pak, alisema. Ulinimalizia matambara. Siku ulizomwaga kahawa wanazikumbuka zote, waulize. Ile ya Ijumaa, ile ya mvua, ile iliyomwunguza Gembul paja. Kama hiyo ya mwisho hawaikumbuki, basi haikumwagika.

Kapteni aliinamisha kichwa. Huenda alitabasamu, uso wake ulikuwa umeelekea laptopu.

— Na kama shida ni kutetemeka, aliendelea Bu Yatmi akirudi jikoni, si mtikise hilo benchi. Mmekaa wanaume wazima.

Walitazamana. Londo akasogeza kichwa hadi aone namba ya mwendo kwenye kioo. Gembul akashika ubao kulia, Ngazi akashika kushoto.

— Nikisema anzeni, anzeni taratibu, alisema Londo.

Mara ya kwanza Gembul alianza mapema, kwa nguvu za mtu anayekuna nazi, na Kapteni akaongeza moto akapaa juu akidhani anaanguka.

— Umenitupa, Gembul.

— Samahani, Kapteni. Nilipata hisia.

— Tikisa kama ilivyokuwa. Umeisikia ikipita juu ya kichwa chako nusu ya maisha yako.

 Gembul alifumba macho, mdomo wake ukaanza kutoa mngurumo mdogo, ule wa injini mbili zinazoshushwa pole pole, na Londo akajikuta akiufuata kwa sauti yake nyembamba. Gari jeupe lilisimama kando ya barabara, kijana akashuka, akaja akasimama nyuma ya benchi, hakuna aliyegeuka. Kwenye kioo, Lawu ulikuwa kushoto, lami mbele. Benchi likaanza kutetemeka, kidogo, kisha kidogo zaidi, na Kapteni aliacha kutazama namba. Mabega yake yalishuka. Mkono wake ukavuta fimbo kwa ncha ya kidole, ukangoja, ukavuta tena.

Bila kuambiana, Londo akaweka glasi zao zote nne juu ya ubao.

Magurudumu yaligusa. Pua ilibaki juu, juu bado, ndege ikikimbia kama inayoona haya kushuka, kisha ikainama, parachuti ikafunguka nyuma, mwendo ukapungua, ukapungua, ukaisha. Wote waliacha kutikisa na kuziangalia glasi. Kahawa ilikuwa imejaa mawimbi ya mikono yao wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuhukumu kitu.

— Godoro, alisema Gembul hata hivyo.

— Godoro, alisema Londo.

 Kapteni alikuwa akitazama, safari hii. Alitazama lami, nyasi za pembeni, mlima, kivuli cha bawa lake kwenye saruji, kama mtu anayehesabu mali yake.

Yule kijana wa nyuma akakohoa. Alikuwa dereva aliyetumwa na Ratri.

— Samahani, Pak. Naona rubani ametua vizuri. Sasa mbona hatoki?

Londo alinyoosha kidole kuelekea vitufe, kidole kikabaki hewani. Akabonyeza kimoja, taa za ndege zikawaka. Akabonyeza kingine, mabawa yakatikisika. Mwezi mzima hakuna aliyewahi kuhitaji kujua jinsi ya kuzima injini wala kufungua kifuniko cha kioo juu ya rubani, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika hapo akiwa hai.

— Kapteni, ni kipi?

Kapteni aliangalia vitufe, kisha mkono wake wa kushoto, ambao zamani ulijua.

— Sijui, alisema.

Bu Yatmi aliligeuza birika juu chini, likadondosha tone moja. Ngazi akaweka glasi yake, akainuka, akachukua kigoda cha plastiki kutoka jikoni. Akakiweka ubavuni mwa Kapteni, upande wa kushoto, akakikandamiza mara mbili kwa kiganja kuona kama kimekaa.

— Ngazi tayari, Kapteni, alisema, kama alivyokuwa akisema kila siku.

Kapteni aliiachia fimbo. Akamshika Ngazi bega, akakanyaga kigoda kwa mguu mmoja, ingawa hakukuwa na mahali pa kushukia ila ardhi ileile, akashuka. Dereva akabeba begi. Nyuma yao, juu ya meza ya kukunja, injini mbili ziliendelea kunguruma, na hakuna aliyejua kuzizima.