Vreni Zbinden, Aliyewaketisha Wageni kwenye Meza ya Wenyeji

Verena Zbinden, ambaye wote tuliopo hapa tulimwita Vreni, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1941 kijijini Trub, bonde la Emmental. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Christian na Lina Gfeller, wakulima wenye ng'ombe tisa na maneno machache. Mwaka 1944 alifuata mdogo wake, Jakob, yaani Köbu, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Familia imemwonya asijisifu. Kama mtakavyosikia, hana cha kujisifia.

Marehemu alisoma shule ya Trub kuanzia mwaka 1948 hadi 1957. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kushona. Zaidi ya yote, alikuwa na tabia ya kurudi nyumbani mchana na watoto wa watu bila kuaga wala kuuliza.

"Mama, nimekuja na wanne."

"Wanne wa wapi tena, Vreni?"

"Sijui. Wana njaa."

Mama alinung'unika, kisha akaongeza viazi kwenye sufuria. Köbu naye alinung'unika, na yeye hakuongeza chochote.

Mwaka 1957, kama wasichana wengi wa rika lake, alipelekwa mwaka mmoja upande wa nchi yetu unaozungumza Kifaransa, kwenye nyumba moja ya Yverdon, ajifunze lugha na kazi za nyumbani. Chakula cha kwanza alichoandaliwa kilikuwa na visu viwili, na uma wa umbo asilolijua. Watu wote mezani waliendelea kuzungumza, na hakuna aliyemwonyesha aanze na kipi. Akalala na njaa. Aliporudi alizungumza Kifaransa vizuri, lakini jambo alilolisimulia miaka yote ni lile la uma.

Mwaka 1959 alianza kazi ya kuhudumia wateja mjini Bern, kwenye mgahawa wa Blauer Krug, mtaa wa Matte, karibu na mto. Mpishi wa pale alikuwa Hans-Ulrich Zbinden, tuliyemwita Housi, mtu ambaye maneno aliyoyasema kwa mwaka yangetosha kwenye bahasha. Siku moja Housi aliweka sahani tatu dirishani akasema, "Mimi nikiendelea kupika, na wewe ukiendelea kubeba, si tuoane tu?" Vreni akajibu, "Ngoja nipeleke hizi kwanza, zinapoa." Walifunga ndoa kanisani Trub tarehe 7 Mei 1966, wakajaliwa watoto wawili, Regula na Beat. Mwaka 1972 walikabidhiwa mgahawa wenyewe.

Watu walikuja Blauer Krug kutoka pande zote za dunia, na Vreni aliwalisha kwa masharti yake. Asiyeweza kusoma orodha ya vyakula alishikwa mkono, akaingizwa jikoni, akachungulia sufuria moja moja na kunyoosha kidole. Mtu mmoja akiagiza sinia la Bern, lile la nyama na soseji za kila aina juu ya kabichi chachu na maharagwe makavu, Vreni alimkatalia waziwazi. "Hili ni la watu watatu. Nenda kalete wenzako." Wapo waliotoka nje wakarudi na wenzao waliookotwa barabarani, na ndoa moja tunayoijua ilianzia hapo.

Meza moja tu hakuna mgeni aliyeigusa. Ilikuwa karibu na jiko la vigae la kupashia chumba joto, na juu yake kilisimama kibao cha shaba kilichoandikwa kwamba ni meza ya wenyeji. Kila Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, Köbu na wenzake wanane walikaa pale wakalalamikia tramu. Mwaka 1994 walikuwa wamebaki wanne. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo mvua ilinyesha kwa hasira, wageni walijipanga hadi barazani, na ile meza ilikuwa tupu. Vreni aliitazama, akakiweka kibao kwenye droo ya vijiko, akaketisha pale mke na mume kutoka Ureno na mtoto wao aliyelowa mpaka soksi.

Wenyeji walipofika, watatu walinung'unika wakaenda kukaa pembeni. Wa nne hakutaka.

"Vreni, hiyo ni meza yangu."

"Ni meza ya mgahawa, Köbu. Kaa nao, nafasi ipo."

"Nikae na watu nisiowajua? Baba alikaa kwenye meza hiyo."

"Baba alikuja mjini mara mbili maisha yake yote, na mara zote mbili aliumwa tumbo."

Watu wakacheka. Köbu alivaa kofia akaondoka, na kwa miaka minne hakuzungumza na dada yake, isipokuwa kupeana mkono kwenye mazishi ya ukoo. Kila Alhamisi alikula mkate na soseji baridi nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale. Alikuwa mjinga. Familia ilitaka neno hilo lilainishwe, lakini msomaji amelikatalia.

Tarehe 23 Novemba 1998 ilikuwa Jumatatu ya soko la vitunguu. Köbu alishuka mjini kununua mkufu wake wa vitunguu vilivyosukwa pamoja, kama kila mwaka. Baridi ilikuwa kali, na harufu ya supu kutoka Blauer Krug ilimvuta mpaka akajikuta kwenye foleni nyuma ya wageni thelathini. Njiani alikuwa ameyapanga kabisa maneno ya kuomba msamaha. Vreni alitoka na karatasi yake ya majina.

"Mko wangapi?"

"Vreni, ni mimi."

"Nakuona. Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Basi simama hapo kwenye foleni, mdogo wangu."

Alisimama dakika arobaini. Zamu yake ilipofika alipelekwa kwenye meza ile ile, katikati ya familia ya Wakorea wanne waliokuwa wakila fondue, sufuria ya jibini lililoyeyushwa kwa divai. Bibi yao alikuwa na glasi ya maji baridi mkononi. Sasa, kila aliyelelewa Bern anajua kwamba maji baridi juu ya fondue hugeuza jibini kuwa jiwe tumboni, na mtu anaweza kufa. Köbu alimnyang'anya glasi. Bibi akamtazama, akampiga kofi dogo mkononi, akaichukua glasi yake, akanywa yote mpaka tone la mwisho bila kuacha kumtazama. Köbu alikaa saa nzima akingoja azimie. Bibi akaongeza mkate, akala ukoko wa chini ya sufuria peke yake, kisha akamlisha Köbu kipande kwa uma wake kama mtoto. Vreni alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Vreni, sikiliza, nilitaka kukwambia kwamba..."

"Supu yako inapoa, Köbu."

Akainywa. Tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi hata moja, na hakuchagua tena jirani wa kukaa naye.

Housi alifariki mwaka 2009, na Regula akashika jiko. Vreni aliendelea kupokea watu mlangoni mpaka mwaka 2021, moyo wake ulipoanza kuchoka. Hospitalini aliwashauri wauguzi kuhusu supu yao, kwa upole kwa kadiri alivyoweza. Majira haya ya kuchipua Köbu alikaa kando ya kitanda chake na kujaribu tena.

"Vreni, ile miaka minne..."

"Umekula leo?"

"Bado."

Akamsogezea nusu ya pudini yake. Alitutoka nyumbani kwake Matte asubuhi ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, Regula akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti yake Regula na mumewe Marcel, mwanawe Beat wa Thun, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, na mimi mdogo wake. Wametuandikia pia watu kutoka Busan, Porto, Nagpur na miji nisiyoweza kuitamka, na wengi wao nilikula nao.

Dada, mara mbili ulinikatiza kwa chakula, nami mara zote mbili nilishukuru kimoyomoyo kwa sababu nilikuwa mwoga. Leo huwezi kunikatiza. Nilikosa. Nilikunyima miaka minne ya ndugu yako kwa ajili ya kiti. Nisamehe, Vreni.

Mungu akupokee kwa amani, dada yangu, upumzike.