Upande Usioonekana Barabarani

Foleni ya abiria wa magari ya Kutus ilikuwa fupi, na Mama Nyawira akajikuta nyuma ya Gatimu, fundi aliyemjengea ukuta kabla ya siku ya mahari ya bintiye.

“Uliambia wakwe ati nilikosea kuhesabu mawe,” Gatimu alisema bila kugeuka. “Mimi nilipima boma yote. Ni wewe ulisema tujenge upande wa barabara peke yake.”

“Wageni huja na barabara.”

“Na mbuzi zao zilitoka na nyuma.”

Mtu akacheka. Akilini Mama Nyawira aliwaona tena wazee wa upande wa wakwe, waliovaa suti, wakifukuza mbuzi wao wa mahari katika mahindi ya jirani, naye akimnyooshea fundi kidole mbele ya wote.

“Saa hii hakuna mtu ananipea kazi, mama. Niambie tu pole. Hata hapa.”

Mama Nyawira aliwatazama watu wa foleni, wote wakimsikiliza. Gari likasimama mbele yao.

“Panda gari, Gatimu,” alisema, macho chini. “Hiyo pole sitasema.”