Marehemu Pan Ting-ki na Daftari la Rafu Isiyo Yake

Mheshimiwa Mkuu wa Polisi wa jiji na maofisa mliofuatana naye, wastaafu wa masjala, majirani wa uchochoro wetu, ndugu na jamaa, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea historia ya baba yetu, marehemu Pan Ting-ki, na naomba radhi mapema kwamba sitasoma ile karatasi ya kurasa mbili iliyoletwa na ofisi ya uhusiano ya Idara ya Polisi, kwa sababu nimeihesabu, ina neno "uadilifu" mara saba, na mimi niliyemfulia baba yangu soksi kwa miaka minane ya mwisho najua kwamba uadilifu wake ungetosha labda mara moja na nusu. Mdogo wangu Kian-seng, ambaye ni sajenti katika idara hiyohiyo na ndiye aliyeshika picha ya marehemu pale mbele, alinivuta pembeni asubuhi hii akaniambia, "Dada, soma yao tu, watu wakale," nikamjibu, "Watakula, chakula hakikimbii."

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1934 katika kijiji cha Tng-lun, akiwa mtoto wa nne wa mkulima wa miwa, kisiwa chetu kikiwa bado mikononi mwa Wajapani. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1941 hadi 1947, akaanza kwa Kijapani na kumaliza kwa Kimandarini baada ya serikali kubadilika, na katika lugha zote mbili alishika vizuri somo moja, nalo ni kunyamaza mkubwa anapoongea. Alijiunga na shule ya biashara hapa mjini mwaka 1947, akahitimu mwaka 1953 akisifiwa kwa mwandiko, akatumikia jeshi miaka miwili, na tarehe 3 Aprili 1956 akaajiriwa masjala ya Idara ya Polisi, ghorofa ya tatu, ambako alikaa miaka arobaini na mitatu bila kumkamata mtu hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kupokea majalada, kuyapanga kwa mwaka, na kukaa dirishani kuwajibu wananchi, na wananchi wa rika langu mnaikumbuka sauti yake, maana kila aliyefika pale, awe na msiba au na harusi, aliambiwa neno lilelile, "Subiri zamu yako."

Alifunga ndoa na mama yetu, marehemu Ng Sui-gim, tarehe 18 Desemba 1960, wakapanga nyumba katika uchochoro huu tulio nao hadi leo, wakajaliwa watoto wawili, mimi Siok-hun mwaka 1961 na Kian-seng mwaka 1964. Mama alifariki mwaka 2011, na kama kuna mtu aliyestahili hotuba ndefu katika nyumba ile ni yeye, ila yeye hakuwa na nishani.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana maisha yote ya marehemu yamekaa hapa. Mwaka niliozaliwa mimi alipewa rundo la madaftari ya zamani ayapange rafuni, na ndani yake kulikuwa na daftari la mahabusu waliofia mikononi mwa polisi. Karani mzee aliyeliandika alikuwa amesomea kazi kwa Wajapani, na mkono wake ulikuwa bado unahesabu miaka ya mfalme wao, kwa hiyo juu ya jalada aliandika mwaka wa 28, akimaanisha mwaka 1953. Baba, kijana wa hesabu za serikali mpya, aliona 28 akahesabu kuanzia kuundwa kwa Jamhuri mwaka 1912, akapata mwaka 1939, akalitupa daftari kwenye rafu ya mambo ya Wajapani, mahali ambapo hakuna mkubwa aliyekuwa na haja ya kupapasa. Hakulifungua. Mtu mwingine angeshangaa kukuta karatasi mpya kiasi kile zinaitwa za mwaka 1939, lakini baba hakuwa mtu wa kushangaa kazini.

Mwaka 1974 ilishuka amri kwamba majalada yote ya miaka ya hamsini yapelekwe kiwanda cha karatasi, wakayajaza malori matatu mchana kweupe, na baada ya hapo idara ikautangazia umma kwamba kumbukumbu za miaka ile zilisombwa na mafuriko ya kimbunga. Mkienda kwenye Chumba cha Historia walichokifungua mwaka 2004, mtaona kofia, filimbi, baiskeli ya doria, na ndani ya kioo karatasi moja iliyokunjamana, ya kuonyesha jinsi maji yalivyoharibu, na hakuna mgeni anayeambiwa kwamba masjala ilikuwa ghorofa ya tatu. Daftari la baba lilinusurika kwa sababu liliwekwa rafu isiyo yake. Ndiyo kazi bora aliyoifanya katika utumishi wake wote, na aliifanya kwa makosa.

Mwaka 1986 walimvisha nishani yenye maandishi haya, "Miaka Thelathini Bila Jalada Hata Moja Kukosewa Mahali," akaitundika sebuleni juu ya televisheni, na sisi watoto tulikatazwa kurusha mpira upande ule. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, sheria ya kijeshi ikiwa imekwisha kuondolewa, chuo kikuu kiliomba orodha ya vitabu vya Wajapani, baba akalifungua daftari kwa mara ya kwanza, na kwenye ukurasa wa thelathini na saba akakutana na jina la Kang Hok-goan, fundi baiskeli, wa uchochoro wetu wenyewe, nyumba inayotazamana na mlango wetu.

Wengi wenu mnamfahamu mjane wake, Shangazi Chhoa Yok-lan, amekaa safu ya tatu, ana miaka themanini na minane, na wiki nzima hii amekunja karatasi za dhahabu, zile pesa za kuchomewa wafu, kwa vidole vyake vilivyopinda ili baba yangu asikose kitu njiani. Mumewe alichukuliwa na askari kanzu tarehe 7 Septemba 1952, gurudumu la mteja likiwa bado linaning'inia kwenye kulabu, kwa kosa la mtu aliyesahau kitabu kilichopigwa marufuku dukani kwake, na tangu hapo hakuna aliyemwambia mkewe kama yu hai au amekufa, wala amekufa lini. Nanyi mnajua kwetu mfu huandaliwa siku aliyokufa, siku nyingine haji, na chakula kinapoa mezani. Shangazi, kwa kukosa siku ya kufa, alichukua siku ya kukamatwa, na kila mwaka, siku ya kumi na tisa ya mwezi wa saba wa kalenda yetu ya mwezi, anapika bata, tambi za mchele na nyama ya nguruwe ya kuchemshwa kwa soya, anamimina kikombe cha pombe, anawasha udi na kungoja, kisha chakula kilekile anawagawia majirani, na letu huja kwenye bakuli lenye ukingo wa buluu.

Mwezi wa Mei 1988 Shangazi alipanda ngazi hadi dirisha la baba, na yaliyosemwa pale alimsimulia mama jioni ileile, akicheka kwa namna ambayo mama hakuipenda.

"Ting-ki mdogo wangu," alimwambia, "nitazamie tarehe tu. Sitaki kesi na mtu, nataka siku ya kumpikia mume wangu."

"Dada Yok-lan, maji yalichukua vyote."

"Maji yalipandaje ghorofa ya tatu?"

"Ndiyo taarifa ya idara, dada."

"Basi hayo maji yana miguu," akasema Shangazi, "siku yakirudi yaulize yamemuacha wapi."

Daftari lilikuwa mita nne nyuma ya kiti cha baba. Miezi michache baadaye mwezi wa saba ulifika, bakuli la buluu likaja, na baba akala. Akala mwaka uliofuata, akala mwaka ule mama alipokuwa hospitalini, akala hadi mwaka jana, mabakuli thelathini na moja ya chakula cha siku ambayo yeye peke yake katika jiji zima alijua kwamba siyo, na neno pekee nililomsikia akilisema juu ya chakula kile ni kwamba chumvi imezidi.

Mtasema aliogopa, na mimi ningependa iwe hivyo, kwa sababu hofu wakati ule ilikuwa na heshima yake. Alistaafu tarehe 31 Desemba 1999, akalichukua daftari ndani ya mkoba wa chakula na kulifungia kwenye droo chini ya meza ya wahenga, pale tunapowafukizia udi, na serikali zikapita, na watu wakafungua vinywa, na yeye hakufungua droo. Oktoba mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, na mwezi wa Januari, akiwa na mrija wa hewa puani, alinishika mkono akasema, "Nilikosea rafu." Nikamuuliza, "Rafu gani, baba?" Akaniambia, "Daftari la ishirini na nane, droo ya wahenga. Usimwambie Kian-seng, atalipeleka kazini, watanivua nishani."

Nishani. Mjane alimpikia mumewe siku isiyo yake miaka thelathini na moja, upande wa pili wa uchochoro, ili kipande cha shaba kisishuke ukutani. Nilidhani ni homa inayoongea, nikamgeuza ubavu, nikamlisha uji, na alipofariki tarehe 20 Februari 2019, saa nne asubuhi, nilirudi nyumbani nikafungua droo nikalikuta, limeviringishwa kwa taulo ya msibani kama hizi mlizogawiwa leo mlangoni. Nilimdharau, na bado namdharau, na sitaki mtu anifuate baadaye kuniambia marehemu hasemwi, maana waliosema hivyo ndio walioendesha malori. Ila nikiri na langu, kwamba niliposoma ukurasa ule nilikaa kimya siku kumi na saba, nikimwangalia Shangazi akikunja karatasi, nikijiambia kwanza mazishi yapite, kwanza Kian-seng apate cheo chake, na ndizo siku nilizojua kwamba mimi ni mtoto wa baba yangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na leo kimefika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kufagia, wastaafu wenzake wa masjala waliokuja na mnara ule wa rambirambi wa makopo ya soda, na Mheshimiwa Mkuu wa Polisi kwa kitambaa kile kikubwa kilichoandikwa "Mfano kwa Vizazi," ambacho ni kilemba cha ukoka kizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona. Mheshimiwa, naona umetoa simu, usijisumbue kutuma mtu nyumbani, daftari lipo tangu jana kwa mwanasheria wa familia za waliopotea, pamoja na majina mengine sitini, na nishani nimeiweka ndani ya jeneza chini ya mkono wake wa kulia, hakuna atakayemvua. Kian-seng, mdogo wangu, inua picha, usiinamishe uso wa baba, yeye pia asikie.

Shangazi Yok-lan, ukurasa wa thelathini na saba, mstari wa nne, nasoma kama ulivyoandikwa: Kang Hok-goan, umri miaka ishirini na mitano, fundi baiskeli, amefariki chumba cha mahojiano tarehe 24 Machi, mwaka wa 28. Nimeigeuza kwa kalenda yetu ya mwezi mara tatu ili nisikosee kama yeye, ni siku ya kumi ya mwezi wa pili, na leo ni siku ya tatu, kwa hiyo ni Jumamosi ijayo. Nitakuja mapema kukushikia bata, nitakuoshea sufuria, nitachochea moto, na ukimaliza kugawa usituletee bakuli, nyumba yetu imekwisha kula.

Bwana Kang Hok-goan, baada ya miaka sitini na sita, pumzika kwa amani.

Baba, wewe subiri zamu yako.