Mama Milia, Aliyeifanya Programu Kuukuu Ichore

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda jambo liachwe nusu, nitajitahidi kufika mwisho, mkiona nimenyamaza katikati mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli ambako baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita, na wa kwanza kwa ubishi. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1976 hadi 1979, ambako walimu walimkumbuka kwa mwandiko wake mzuri na kwa tabia yake ya kutokubali kuambiwa kwamba ndivyo ilivyo. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha uhazili, akahitimu mwaka uliofuata, na tarehe 1 Machi 1982 aliajiriwa kama mpiga chapa katika masjala ya hospitali, chumba chenye dirisha moja na mafaili hadi darini.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984 na shemeji yetu, fundi cherehani, ambaye alimfahamu kwa sababu ya sketi ambayo dada aliirudisha mara tatu akidai pindo limepanda upande, na mara ya nne alikuja bila sketi yoyote mkononi, fundi naye si mjinga, akaelewa. Mungu aliwajalia binti mmoja mwaka 1986, na mwaka 1989 wakapata mapacha wa kiume wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, kiasi kwamba mama yao alimfunga mmoja wao uzi mwekundu mkononi, na aliyethubutu kuufungua uzi ule, hata kwa kumwogesha mtoto, alijuta kuzaliwa. Tangu hapo mume wake aliitwa Baba Pacha, lakini yeye hakubaki kuwa Mama Pacha, kwa sababu baadaye kazi ilimpa jina jingine, na jina hilo ndilo lililowaleta wengi wenu hapa leo.

Mwaka 1991 kompyuta zilipoingia hospitalini alipelekwa masomoni kwa mwaka mzima, akarudi kuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, ambacho kilikuwa na kompyuta mbili, printa moja yenye kelele, na yeye. Programu ya kuandikisha wagonjwa ilikuwa ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, haikuwa na picha wala urembo, lakini ndani yake kila mgonjwa alikuwa na namba yake na historia yake yote, na dada aliijua kama mtu anavyojua nyumba aliyokulia.

Sasa nifike mahali ambapo yeye mwenyewe angetaka nifike. Mwaka 1998 mama yetu mzazi alilazwa kwa maumivu ya tumbo, na siku hiyohiyo akalazwa mwanamke mwingine mwenye jina lilelile, la kwanza hadi la mwisho, na vichupa vyao vya damu viliandikwa kwa kalamu, kwa haraka, jina tu bila namba. Mama akaambiwa figo zake zimekwisha, tukalia, tukaita ndugu wa mbali, na yule mwenzake akaambiwa ni mzima, akarudi nyumbani akicheka. Kosa lilipogunduliwa sisi tulifurahi, lazima tuseme ukweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini dada hakufurahi, kwa sababu yule mama alirudishwa wodini akiwa amechelewa, na hakukaa sana. Dada alikwenda kumzika mtu asiyemjua, akasimama nyuma kabisa, na aliporudi alimwambia mume wake kwamba haiwezekani mtu afe kwa sababu ya kufanana jina.

Aliwaomba wakubwa wa hospitali kwa miaka kadhaa watafute njia ya kuzuia kosa hilo, na mwaka 2003 hospitali ikapata mashine za kusomea msimbo pau, ile milia myeusi mnayoiona kwenye pakiti za sabuni, ili kila kichupa kibandikwe lebo yenye namba ya mgonjwa na maabara isome kwa mashine badala ya macho. Tatizo likawa programu, kwa kuwa ilijua kuandika herufi tu, haikujua kuchora, na aliyeitunga alikwishahama bila kuacha anwani wala namna ya kuifungua na kuirekebisha. Wakubwa wakataka itupwe pamoja na kumbukumbu zake zote, waanze upya, na dada akawaambia kikaoni, kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika hadi jikoni, usiache mbachao kwa msala upitao.

Aliyemfungulia njia ni fundi wa printa, ambaye yupo hapa nasi, aliyekuja kubadilisha utepe wa wino akamwambia, "Mama, mbona printa hii inaweza kuchora milia yenyewe, shida ni kuiomba kwa lugha yake." Akamwachia kitabu cha maelekezo, na ndipo dada akajifunza kwamba printa ina amri zisizoonekana karatasini, unatanguliza alama ya kile kitufe cha pembeni kabisa juu ya kibodi, kilichoandikwa Esc, nayo inajua kwamba kinachofuata si maandishi bali ni agizo. Halafu akakumbuka kwamba programu ile kuukuu ina ukurasa mmoja unaouliza printa yenu huanzaje herufi nene, na humalizaje herufi nene. Dada akafuta jibu la zamani, mahali pa kuanza herufi nene akaweka amri ya kuanza milia, mahali pa kumaliza akaweka amri ya kumaliza milia, kisha akaiagiza programu iandike namba ya mgonjwa kwa herufi nene. Programu ikadhani inanenepesha herufi, kumbe printa inachora, na hakuna kilichoguswa ndani ya programu wala kumbukumbu iliyopotea, huo ndio ujanja wa dada yetu, na mimi nausimulia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza.

Msidhani ilikwenda sawa mara moja. Siku za mwanzo alisahau kuweka amri ya kumaliza, printa ikabaki katika milia, na barua ya mganga mkuu ya kuwaita wafanyakazi kikaoni ikatoka milia tupu kuanzia salamu hadi sahihi, watu wakaibandika ubaoni hivyohivyo, na mganga mkuu akaja masjala akiuliza, "Mama, leo mimi sisomeki?" Siku ile ndipo alipopata jina la Mama Milia, na ndipo nyumbani kwake ilipoanza sheria ya ukifungua, funga, iliyohusu milango, chupa za mafuta, ugomvi na simu, na Baba Pacha alipenda kusema kwamba ameoa printa. Lebo ya kwanza ambayo mashine ya maabara iliisoma ikalia tii ilikuwa na namba ya mama yetu, ambaye aliiweka kwenye pochi yake hadi alipofariki kwa uzee. Programu ile ilistaafishwa mwaka 2016, lakini namba zote zilihamia kwenye mpya zikiwa salama, na dada naye akastaafu tarehe 9 Agosti 2021.

Mwezi Februari 2023 alianza kuumwa mgongo na kupungua mwili, akapelekwa katika hospitali ileile, na muuguzi alipomtoa damu aliomba aoneshwe kichupa, akalinganisha namba na kadi yake, akakirudisha. Vipimo vikafuatana, na majibu yakaja kwamba ni kansa ya kongosho. Baba Pacha alikataa, akasema wamechanganya, kama walivyomchanganya mama mkwe, wapime tena, huyu si mke wangu, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tulilishika neno hilo kwa mikono miwili kwa sababu hatukuwa na jingine. Ni yeye aliyemshika mkono mumewe, akamwambia taratibu, "Baba Pacha, mlango huo niliufunga mwenyewe." Majibu yalikuwa mabaya, yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yake, na kwa kuwa aliyaamini siku ileile hakupoteza muda wa kubahatisha, alianza tiba mapema, akaishi zaidi ya walivyotegemea, akamwona mtoto wa binti yake akizaliwa na akawapatanisha wale mapacha, waliokuwa wamegombana. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 6 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mume wake akiwa pembeni ya kitanda.

Jana tulipokwenda kumchukua, mhudumu alipitisha mashine kwenye utepe wenye milia mkononi mwa dada, mashine ikalia, kisha kwa utaratibu akauliza kama ndiye. Baba Pacha, mtu ambaye mwaka jana alikuwa tayari kugombana na hospitali nzima ili asiwe yeye, akasema, "Ndiye. Ndiye mke wangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, watumishi wa maabara ambao hawakuacha kumwita bosi hata alipokuwa kitandani, fundi wa printa, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa masjala, na mteja yeyote wa Baba Pacha ambaye nguo yake imechelewa, itashonwa.

Mama Milia, dada yangu, ulichokifungua umekifunga. Pumzika kwa amani.